Mali Bila Daftari: Manyani Mbele ya Majaji wa London

Msafiri anayetoka Voi kuelekea Nairobi hufika Manyani hata kabla hajakaa sawa kitini. Ni kilomita 30 hivi. Pana lango la Mbuga ya Tsavo Mashariki, chuo cha askari wa wanyamapori na gereza kubwa lenye ulinzi mkali. Malori ya Mombasa hupita usiku na mchana. Wachache kati ya wapitao wanajua kwamba hapo, kuanzia mwaka 1954, palikuwa na kambi kubwa kuliko zote za kizuizini nchini Kenya. Maelfu ya wanaume walishushwa hapo chini ya ulinzi wa bunduki, wakakaa nyuma ya seng'enge miezi na miaka, bila shtaka, bila hakimu na bila kujua watatoka lini.

Mwezi Juni 2013, serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 waliodai kuteswa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni mwaka 1952. Tangu hapo kisa hicho kimesimuliwa vijiweni na hata madarasani kwa sentensi moja: Mzungu alishtakiwa kwao, akashindwa, akalipa. Sentensi hiyo inapendeza masikioni, lakini si sahihi, na kosa lake linatugharimu. Hakuna jaji wa Kiingereza aliyewahi kuisikiliza kesi ile hadi mwisho na kutamka nani ana hatia. Kilichoamuliwa ni mambo mawili tu: kama walalamishi walikuwa na kesi inayostahili kusikilizwa, na kama walikuwa wamechelewa mno. Katika yote mawili, kilichowaokoa ni karatasi. Wakenya wengine wapatao 40,000 waliubisha mlango uleule kwa machungu yaleyale, na miaka mitano baadaye wakafungiwa nje.

Hoja yangu ni hii. Madai ya kale hayafi mahakamani kwa sababu ni ya uongo. Hufa kwa sababu hayakuandikwa, au yaliandikwa na upande mmoja kisha maandishi yakafichwa. Kaunti yetu ya Taita Taveta, ilipo Manyani, ina madai mengi, ya ardhi na ya utu, na haina budi kulielewa hilo kabla wazee wake hawajamalizika. Lakini kwanza tuitazame sheria yenyewe ya Waingereza, maana ndiyo iliyofunga watu na ndiyo iliyokuja kuwasikiliza.

Kambi ilijengwa ndani ya sheria

Sheria ya Kiingereza iliingia nchini mwetu kwa tarehe maalum. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama kinasema kwamba mahakama za Kenya zitafuata misingi iliyojengwa na majaji wa Uingereza, kanuni zao za uadilifu na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika huko tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Katikati ya miaka ya 1950, katika kesi iliyohusu ushuru wa daraja la Nyali kule Mombasa, Jaji Denning alilitafakari sharti la namna hiyo. Alisema kwamba sheria hiyo ni kama mwaloni wa Uingereza: ukiuhamishia Afrika hauwezi kubaki na tabia yake yote, na unahitaji kutunzwa kwa uangalifu. Ni maneno mazuri, na mawakili wa Afrika Mashariki wameyarudia mara nyingi. Wakati Denning akiyatamka jijini London, Manyani ilikuwa imejaa.

Ni kosa kudhani kwamba kambi ile ilikuwa nje ya sheria. Kila nguzo yake ilisimama juu ya kanuni iliyochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Na watu wa Taita walikuwa wameuonja mfumo huo mapema kuliko wengi. Mwaka 1940, kwa kisingizio cha Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku vyama vitatu vya Waafrika: Kikuyu Central Association, Ukamba Members Association na Taita Hills Association. Chama hicho cha tatu kilizaliwa kutokana na uchungu wa ardhi katika milima yetu. Kiongozi wake, Mengo Woresha, alikamatwa na kuwekwa kizuizini pamoja na viongozi wa vyama vile vingine. Hakuna mahakama iliyomhukumu. Ilitosha serikali kumwona kuwa hatari.

Kule Uingereza, mwaka huohuo wa 1940, mtu aitwaye Robert Liversidge alitiwa ndani kwa mamlaka ya aina hiyohiyo. Kanuni ya 18B ya wakati wa vita ilimruhusu waziri kumfunga mtu bila kesi akiwa na sababu za kutosha za kuamini kwamba mtu huyo ana uhusiano na adui. Liversidge aliuliza swali ambalo yeyote angeuliza: sababu zenyewe ni zipi? Novemba 1941, wanne kati ya Malodi watano, majaji wa rufaa ya mwisho huko Uingereza, waliosikiliza rufaa yake walimjibu kwamba si kazi ya mahakama kuzichungulia. Waziri akisema anaamini, basi imetosha. Mmoja tu, Lord Atkin, alikataa. Alisema sababu za kutosha ni sababu zinazoweza kuwekwa mezani na kupimwa, na kwamba sheria hainyamazi hata silaha zikilia. Aliachwa peke yake. Ilichukua karibu miaka 40 kabla ya Lord Diplock, katika kesi ya Rossminster, kukiri kwamba wale wanne walikosea na Atkin ndiye aliyekuwa sahihi.

Miaka hiyo 40 ndiyo iliyoizaa Manyani. Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, kanuni zake zilimtaka awe ameridhika tu kwamba ni lazima mtu fulani adhibitiwe kwa ajili ya usalama. Hata neno la sababu za kutosha halikuhitajika. Tarehe 24 Aprili 1954, Jenerali George Erskine aliuzingira mji wa Nairobi kwa askari wapatao 25,000 katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Zaidi ya watu 20,000 walichukuliwa, wengi wakaletwa huku kwetu: Manyani, na Mackinnon Road, mji ambao kaunti za Taita Taveta na Kwale zimeugombania mpaka. Walioletwa waligawanywa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, kulingana na jinsi maofisa walivyodhani wamekubali au wamekataa kukiri kiapo cha Mau Mau. Mwaka huo wa 1954 homa ya matumbo ililipuka Manyani na kuua wafungwa. J. M. Kariuki, aliyekuja kuwa mbunge na kuuawa mwaka 1975, alipitia Manyani, na baadaye akaandika kitabu kuhusu maisha yake kizuizini.

Hesabu yenyewe ya waliofungwa nchini ina mabishano hadi leo. Takwimu za serikali ya kikoloni zilitaja watu wapatao 80,000. Mwanahistoria Caroline Elkins anakadiria kati ya 160,000 na 320,000. Tofauti hiyo si jambo dogo la wasomi. Kila jina lisiloandikwa ni mlalamishi ambaye miaka 50 baadaye hawezi kuthibitisha kwamba aliwahi kufungwa.

Risasi mbili na kisu kisichoonekana

Kuna kesi moja kutoka miaka hiyo inayosomwa na kila mwanafunzi wa sheria kuanzia Nairobi hadi London, Delhi na Sydney. Ni kesi ya Kuruma mwana wa Kaniu dhidi ya Malkia, iliyoamuliwa na Kamati ya Mahakama ya Baraza la Malkia, ambayo ndiyo iliyokuwa mwisho wa rufaa kwa makoloni. Hukumu yake ilichapishwa mwaka 1955.

Kuruma alikuwa akiendesha baiskeli akienda kwao, kwa ruhusa ya mwajiri wake. Alisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi na kupekuliwa. Polisi walidai wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Kuwa na risasi wakati wa Hali ya Hatari ilikuwa kosa la kunyongwa. Sheria ileile ya Hali ya Hatari ilisema kwamba upekuzi wa namna hiyo ufanywe na ofisa wa cheo cha msaidizi wa inspekta au zaidi. Waliompekua Kuruma walikuwa chini ya cheo hicho. Kwa maneno mengine, upekuzi wenyewe ulikuwa haramu. Kile kisu hakikuletwa mahakamani, na watu waliosemekana kuwapo wakati wa upekuzi hawakuitwa kutoa ushahidi. Kuruma alihukumiwa kifo.

Mawakili wake walisema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria usitumiwe kumwua mtu. Lord Goddard alikataa. Kipimo, alisema, ni kama ushahidi unahusika na jambo linaloamuliwa. Ukihusika, mahakama haina haja na jinsi ulivyopatikana, ingawa jaji anaweza kuukataa iwapo kuifuata sheria kwa ukali kungemdhulumu mshtakiwa. Majaji walikiri kwamba mambo fulani ya kesi ile, likiwemo la kisu kutoonekana, yaliwatia wasiwasi, wakaamua kuyafikisha kwa waziri wa makoloni. Lakini rufaa waliitupa.

Kwa mwanafunzi wa sheria, Kuruma ni jina la kanuni. Kwetu sisi ni mtu aliyekuwa juu ya baiskeli yake. Natamani kila anayeifundisha kesi hii aseme pia ilitolewa katika hali gani. Ilitolewa ndani ya Hali ya Hatari, ambayo kufikia mwisho wake watu 1,090 walikuwa wamenyongwa, na wakati ambapo kukiri kwa mtu kizuizini ndiko kulikokuwa tiketi ya kuhamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, karibu na nyumbani. Mahakama ya juu kabisa ya dola ilipotangaza kwamba haijali ushahidi umepatikanaje, askari wa kambini hakuwa na sababu ya kujiuliza maswali.

Sheria ya Kiingereza iligeuka polepole. Desemba 2005, Malodi saba walisikiliza kesi inayojulikana kama A dhidi ya Waziri wa Mambo ya Ndani, iliyohusu washukiwa wa ugaidi. Serikali ilitaka iruhusiwe kutegemea habari ambazo huenda zilipatikana kwa mateso nje ya Uingereza. Lord Bingham na wenzake walikataa katakata. Walisema kwamba kwa karne kadhaa sheria yao imeyachukia mateso, na kwamba mahakama haiwezi kula matunda yake hata kama mtesaji ni serikali ya nchi nyingine. Hapo ndipo mlango wa Manyani ulipoanza kufunguka, ingawa hakuna aliyeitaja Manyani siku hiyo.

Waliokwenda London

Tarehe 23 Juni 2009, Wakenya watano waliwasilisha kesi dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Walisaidiwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, chama cha mashujaa wa Mau Mau na kampuni ya mawakili ya Leigh Day. Walidai mateso ambayo ni vigumu kuyaandika: wanaume kuhasiwa, wanawake kudhalilishwa kwa namna ya kikatili. Nyingi alikuwa katika kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, siku wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa, naye akapigwa hadi akazirai, akatupwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa. Maofisa walitangaza kwanza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji.

Serikali ya Uingereza ilileta utetezi wa aina mbili. Kwanza, kwamba makosa yoyote yalifanywa na serikali ya koloni la Kenya, na kwamba madeni ya serikali hiyo yalirithiwa na Kenya huru Desemba 1963. Kwa hoja hiyo, aliyeteswa Manyani angepaswa kuishtaki serikali ya Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alifungwa na wakoloni haohao. Pili, kwamba miaka ilikuwa imepita mno.

Jaji McCombe alitoa hukumu ya kwanza tarehe 21 Julai 2011. Hakusema kwamba Uingereza ina hatia. Alisema kwamba kuna hoja nzito ya kusikilizwa, kwamba serikali ya London yenyewe ilishiriki kuunda na kuendesha mfumo ule, kupitia jeshi lake na kwa kuziidhinisha mbinu zilizotumiwa kambini. Kisha akaitazama ile hukumu ya 2005. Aliona ni jambo geni, pengine hata la aibu, kwa mfumo wa sheria unaokataa kabisa ushahidi wa mateso kukataa pia kumsikiliza mtu anayelalamika kwamba serikali ileile iliacha ateswe ilhali ilikuwa na uwezo wa kuzuia. Kwa mara ya kwanza, kanuni iliyokuwa ikiwalinda washtakiwa wa London ilimfikia mzee wa Kenya.

Hukumu ya pili, ya tarehe 5 Oktoba 2012, ndiyo ninayotaka kila mtu wa Taita Taveta aijue. Kufikia hapo walalamishi walikuwa wamebaki watatu: Nzili, Nyingi na Mara. Susan Ngondi alikuwa ameshafariki. Miezi michache kabla, wakili wa serikali alikuwa amekiri mbele ya mahakama kwamba serikali haipingi kuwa watu hawa waliteswa. Lililobaki ni wakati. Sheria ya Uingereza humpa aliyeumizwa mwili miaka mitatu ya kushtaki, lakini kifungu cha 33 cha sheria yao ya mwaka 1980 humruhusu jaji kuongeza muda ikiwa kesi bado inaweza kusikilizwa kwa haki. McCombe aliuliza: je, bado inaweza, ilhali wengi waliotoa amri wamekufa? Akajibu kwamba inaweza, kwa sababu waliotoa amri waliacha barua, simu za maandishi, kumbukumbu za vikao na ripoti, na hizo zinasema kwa niaba yao.

Karatasi zilizokuwa zimefichwa

Hapa ndipo mahali pa kutua. Karatasi hizo hazikuwa maktaba. Mwezi Mei 1961, Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba serikali mpya za Waafrika zisikabidhiwe nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali ya Malkia. Maofisa walizichambua faili. Nyingine zilichomwa. Maelekezo yaliyokuwa yakitumwa katika makoloni yalifika hadi kueleza kwamba majivu yapondwe, au karatasi zifungwe katika makasha yenye uzito na kuzamishwa katika maji ya kina. Nyingine zilisafirishwa hadi Uingereza na kuwekwa katika jengo la serikali huko Hanslope Park, ambako zilikaa karibu nusu karne bila kutajwa katika orodha yoyote ya umma.

Zilitoka kwa sababu ya kesi. Mwanahistoria David Anderson aliiambia mahakama kwamba kuna nyaraka zilizoondolewa Kenya wakati wa uhuru na hazijaonekana tena. Mwaka 2011, serikali ilikiri kwamba inazo: makasha takriban 300 yanayoihusu Kenya, sehemu ya faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37. Anderson, Elkins na Huw Bennett walizisoma na kueleza zilichosema. Miongoni mwake kulikuwa na barua ya Juni 1957 ya Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, kwa Gavana Baring, ikieleza jinsi kipigo kinavyoweza kufanywa kiwe halali, na ikitahadharisha kwamba kama lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya.

Mtu aliyeandika hivyo alikuwa mwanasheria. Alijua thamani ya ukimya kwa sababu alijua mahakama husikia maandishi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakoloni waliielewa methali hiyo kuliko sisi: walibeba daftari.

Tarehe 6 Juni 2013, Waziri William Hague alisimama bungeni, akaeleza masikitiko ya serikali yake kwa mateso yaliyotokea, akatangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Kila mlalamishi alipata takriban pauni 2,600. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Uhuru Park tarehe 12 Septemba 2015. Pamoja na hayo, Hague alisisitiza kwamba serikali yake bado haikubali kubeba dhima ya kisheria kwa vitendo vya utawala wa kikoloni. Ndiyo maana nasema hakuna aliyeshindwa kesi. Uingereza ililipa ili hukumu isitolewe.

Waliofungiwa nje

Baada ya malipo hayo, Wakenya wapatao 40,000 waliingia katika kesi nyingine, ya Kimathi na wenzake. Ilisikilizwa kuanzia 2016 na Jaji Stewart, ikawa mojawapo ya kesi ndefu kabisa katika historia ya mahakama za Uingereza. Wachache walichaguliwa kama walalamishi wa mfano ili kesi zao ziwakilishe za wengine. Agosti 2018, jaji alikataa kuongeza muda katika kesi ya mfano: miaka ilikuwa zaidi ya 50, kumbukumbu za mlalamishi hazikuweza kutegemewa, mashahidi wamekufa, na hakuna nyaraka zinazolihusu tukio lake mahsusi. Novemba mwaka huo madai yote yakatupwa. Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho kwa Manyani ni kichungu zaidi: kwa sheria za Uingereza, madai ya matukio ya kabla ya tarehe 4 Juni 1954 yalikuwa yamefungwa moja kwa moja, wala jaji hana uwezo wa kuyafufua. Operesheni Anvil ilikuwa Aprili 1954.

Ni vyema kumtendea haki Jaji Stewart. Ukomo wa muda una maana yake. Mtu hawezi kujitetea dhidi ya shtaka la miaka 60 ikiwa shahidi wake yumo kaburini. Hata hapa Voi, katika Mahakama Kuu, wakili yeyote angemlinda mteja wake kwa hoja hiyo. Lakini hoja hiyo ina sharti: anayelalamika kwamba ushahidi umepotea asiwe ndiye aliyeupoteza. Na sheria ya Kiingereza imelijua hilo tangu mwaka 1722. Mwaka huo, kijana aliyekuwa akifagia mabomba ya moshi aliokota kito cha thamani, akakipeleka kwa sonara kipimwe. Mfanyakazi wa duka aliling'oa jiwe na kumrudishia fremu tupu. Katika kesi ya Armory dhidi ya Delamirie, Jaji Mkuu Pratt aliwaambia wazee wa baraza kwamba sonara asipolitoa jiwe, wachukulie lilikuwa la daraja la juu kabisa, na walipishe bei hiyo. Anayeficha ushahidi, ushahidi huo huchukuliwa kuwa unamlemea yeye.

Kwa maoni yangu, kanuni ya kijana yule ndiyo iliyopaswa kuongoza kila dai linalohusu Hali ya Hatari. Serikali iliyoagiza karatasi zichomwe na majivu yapondwe haifai kufaidika kwa kukosekana kwa karatasi hizo. Kama kijana maskini wa London aliweza kulindwa dhidi ya sonara, sioni kwa nini mzee wa Kenya asilindwe dhidi ya dola.

Tunachoweza kufanya sisi

Kenya imekwisha kuachana na baadhi ya urithi huo. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010, katika kifungu chake cha nne, inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu ukataliwe iwapo kuupokea kutaharibu kesi au kudhuru utoaji wa haki. Kuruma angekuwa na la kusema leo. Ibara ya 25 inasema uhuru dhidi ya mateso hauwezi kupunguzwa kwa hali yoyote. Na Januari 2023, katika kesi ya Monica Wangu Wamwere na wenzake, iliyotokana na akina mama waliodai kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa pale Uhuru Park mwaka 1992, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba madai ya kuvunjwa haki za kikatiba hayana ukomo wa muda uliowekwa na sheria, ila anayechelewa lazima aeleze kwa nini.

Kueleza kwa nini: hapo tunarudishwa kwenye daftari. Na hapo ndipo Taita Taveta inapochelewa. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo zilizotangazwa mwaka 1948. Mashamba makubwa ya mkonge yanashikilia sehemu nyingine. Familia nyingi zina simulizi za kuhamishwa. Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi, iliporekebishwa mwaka 2016, ilitoa miaka mitano ya kupeleka madai ya dhuluma za kihistoria. Miaka hiyo ilipita tukiwa katika mikutano ya hadhara. Hotuba tulizisikia; hati za viapo zilizofuata zilikuwa chache mno.

Naomba tufanye mambo ambayo hayahitaji kusubiri mahakama. Mzee mwenye kumbukumbu ya kuhamishwa, au ya baba aliyefungwa au kufanya kazi Manyani, aketi na mjukuu anayejua kuandika. Maelezo yawe na majina, mahali, mwaka, na nani mwingine alikuwapo. Kisha yapelekwe kwa kamishna wa viapo, yatiwe sahihi na muhuri. Hati ya kiapo ya mtu aliyekufa ina uzito ambao simulizi ya mwanawe haiwezi kuufikia. Kipande cha zamani, risiti ya kodi, barua ya mwajiri, kadi ya zahanati, picha yenye tarehe nyuma yake: hivyo vipigwe nakala, na vya asili vihifadhiwe pakavu. Karatasi moja inayoonyesha kwamba fulani alilipa kodi akiwa katika kijiji fulani mwaka fulani imewahi kushinda hoja za wakili hodari.

Serikali ya kaunti ina wajibu wake. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi ina ripoti za makamishna wa wilaya, na zile za Hanslope Park zimefunguliwa kwa umma huko London. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kina wanafunzi wanaoweza kuzisoma na kuzinakili. Kaunti ikilipia kazi hiyo, ikafungua chumba cha nyaraka Mwatate au Voi ambamo mkazi yeyote anaweza kuingia na kutafuta jina la babu yake, itakuwa imefanya zaidi ya mnara wowote. Manyani iko kwetu. Hatuwezi kungoja watu wa Nyeri na Murang'a waje kuiandika, ingawa waliofungwa humo wengi walikuwa wao. Waliofungwa walipita, ardhi iliyowabeba imebaki mikononi mwetu, na ushahidi wake ni amana yetu.

Lord Atkin aliachwa peke yake mwaka 1941, lakini aliandika. Kwa sababu aliandika, majaji wa baadaye walikuwa na pa kuanzia walipotaka kurekebisha makosa. Wafungwa wa Kenya waliandika pia barua za malalamiko kutoka kambini, zikatupwa katika faili za waliowatesa, na faili hizo ndizo zilizokuja kuwatetea watu watatu mbele ya Jaji McCombe. Sheria ya Kiingereza haikuwapa Wakenya haki kwa huruma. Iliwapa walipoweza kuthibitisha. Kesi ijayo, iwe London, Nairobi au hapa Voi, itaamuliwa kwa kipimo hichohicho, na maandalizi yake yanaanza wiki hii, nyumbani kwa kila mzee ambaye bado anakumbuka.